Enyasa haipo kwenye menyu: Chakula cha kwetu kitafuteni Oli na Lobule

BINAMU yangu alirudi Arua Desemba iliyopita baada ya miaka zaidi ya 30 ughaibuni. Nilimpokea stendi ya mabasi alfajiri, macho yamemvimba kwa safari ya usiku kutoka Kampala. Nilidhani ataniuliza habari za shamba la marehemu baba yake, ambalo nusu yake lina mgogoro, au habari za kaburi la mama yake kule Lobule. La hasha. Aliweka begi chini, akajinyoosha mgongo, akasema: "Kaka, kabla ya yote, leo nataka kula enyasa."

Kwa msomaji ambaye si wa huku, enyasa ni ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na unga wa mtama au wimbi. Rangi yake ni kama ya udongo ulionyeshewa mvua, ukiuvuta unavutika, na ukishafika tumboni hauna haraka ya kuondoka. Mlugbara anaweza kula wali, matoke na mkate siku nzima, na jioni akakuambia kwamba bado hajala, kwa sababu enyasa hajaiona.

Sasa nikiri kosa langu. Mchana ule sikumpeleka mahali panapouzwa enyasa. Nilimpeleka kwenye hoteli moja ya ghorofa kando ya barabara kuu, kwa sababu nilitaka aone kwamba Arua si ile aliyoiacha, kwamba siku hizi ni jiji lenye lifti na viyoyozi. Tuliletewa menyu yenye jalada la plastiki. Kulikuwa na chipsi na kuku, chipsi na samaki, chipsi na maini, tambi, na ukurasa mmoja wenye kichwa cha chakula cha kienyeji. Binamu akaufungua kwa furaha. Humo mlikuwa na matoke, wali, posho, maharagwe na mchuzi wa karanga.

Akamwita msichana wa kuhudumia na kumuuliza kama enyasa ipo. Msichana, ambaye kwa lafudhi yake alikuwa mtoto wa hapa hapa, aliziba mdomo kwa kiganja akacheka. "Hiyo tunakulaga nyumbani, mzee," alijibu. Tukala chipsi. Nililipa shilingi 50,000 kwa watu wawili, na binamu yangu aliacha nusu ya sahani.

Sina ugomvi na matoke. Ni chakula kizuri na wenyewe wanakiheshimu, wanakifunga kwenye majani ya mgomba na kukipika kwa subira. Lakini matoke ni chakula cha kienyeji cha Buganda na cha Magharibi. Kukiita cha kienyeji katika jiji la Arua ni sawa na kumvalisha mgeni kanzu ya bwana harusi huku bwana harusi mwenyewe amesimama nje ya boma. Tumefika mahali ambapo mtu anaweza kukaa Arua wiki nzima, akalala kwenye hoteli nzuri, akafunga biashara yake, akaondoka bila kuonja kitu hata kimoja kilichopikwa kama wanavyopika watu wa West Nile. Na wengi wa wanaofanyiwa hivyo si watalii. Ni ninyi msomao ukurasa huu: wafanyabiashara mnaopita kwenda Ariwara na Kaya, na ndugu zetu mnaorudi nyumbani baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo leo nitasema wazi pa kula.

Anza na Oli. Kabla Arua haijawa jiji tarehe 1 Julai 2020, upande ule wa mji ulikuwa tarafa yake yenyewe ikiitwa Oli River, yenye kata za Kenya, Tanganyika na Pangisha. Anayejua Kiswahili atatabasamu akiyasikia majina hayo, maana ni kama mtu ameikunja ramani ya Afrika Mashariki na kuitia mfukoni. Huko ndiko mji wa kale ulikobaki na harufu yake. Nyumba ni za chini, zenye mabati yaliyokwisha kuwa mekundu na baraza la kukalia. Watu wanaamkiana kwa Kilugbara, kisha Kiswahili, kisha Kinubi, wakati mwingine katika sentensi moja.

Wanubi wana hadithi ndefu, nami nitaifupisha. Asili yao ni askari waliokuwa wakimtumikia Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, ambao ngome zao zilikuwa kwenye Mto Nile, Dufile na Wadelai, hapa hapa West Nile. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wao kuitumikia kampuni ya Waingereza, wakasambaa mpaka Bombo na hata Kibera ya Nairobi. Popote walipokwenda walibeba vitu vitatu: dini, lugha na sufuria. Ndiyo maana mtu aliyekulia Kibera akifika Oli asubuhi na kunusa kahawa ya tangawizi haulizi njia.

Asubuhi, basi, mahali ni Oli. Tafuta mama mwenye kisra. Unga wa mtama huchanganywa na maji na kuachwa uchachuke, kisha asubuhi humwagwa kidogo kidogo juu ya bamba la moto na kusambazwa mpaka uwe mwembamba kama karatasi. Huliwa na mchuzi wa bamia iliyokaushwa na kusagwa, au na mlo wa mboga ya kuteleza, na mkono unaorudi mdomoni huwa na uzi mrefu nyuma yake. Asiyependa mlenda asijitese. Yuko gurusa, mkate wa chapa ya chapati lakini mnene zaidi, na kwa mwenye usingizi wa safari yupo kawari, supu ya kwato za ng'ombe iliyochemka usiku kucha. Wauza magari na makuli wanaijua supu hiyo kuliko wanavyojua dawa za hospitali. Na chakula kikiletwa nyumbani kwa Mnubi hufunikwa kwa tabaga, ule mfuniko wa kusuka wenye rangi kama upinde wa mvua. Ukiona tabaga ukutani, ingia, uliza. Kama hapauzwi chakula utaelekezwa mlango wa jirani.

Siku ya pili ya ugeni wake nilimpeleka binamu yangu huko. Adhuhuri tukaenda kwa mama mmoja nimjuaye tangu nikiwa kijana wa kubeba mizigo sokoni. Hana kibao cha jina mlangoni. Ana mafiga matatu nyuma ya nyumba, benchi mbili, na meza iliyofunikwa kwa kitambaa cha plastiki chenye maua. Dar es Salaam wangemwita mama ntilie. Sisi tunamwita mama tu.

Siku hiyo alikuwa na enyasa, na mboga mbili. Ya kwanza ilikuwa osubi, majani ya kunde, yaliyolainishwa kwa maji ya majivu na kukorogwa na simsim iliyosagwa. Maji hayo hutengenezwa kwa kuchoma maganda au majani makavu, kuyatia majivu yake kwenye chombo chenye matundu na kumimina maji juu yake, yadondoke taratibu. Ndiyo chumvi ya bibi zetu. Magadi ya dukani hulainisha pia, lakini ladha huwa kama ya sabuni, na mimi nauza sabuni, najua ninachosema. Mboga ya pili ilikuwa angara, samaki wa kukaushwa kwa chumvi kutoka Ziwa Albert, aliyechemshwa mara ya kwanza, maji yakamwagwa, kisha akapikwa kwa mchuzi wa karanga. Mfanyabiashara wa Ariwara hana haja ya kuelezwa angara ni nini. Nusu ya malori ya Panyimur huwa yamembeba yeye.

Binamu yangu alinawa, akamega tonge, akalibonyeza kidole gumba kutengeneza kijishimo, akachota. Alitafuna. Halafu akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba mama aliuliza kama chumvi imezidi.

"Hapana, mama," alisema. "Nilikuwa namkumbuka mama yangu."

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila habari hiyo mtu atadhani tunazungumzia tumbo tu. Oktoba 1980, mabaki ya jeshi la Idi Amin yaliivamia Koboko, na jeshi la serikali lilipokuja kulipiza kisasi halikubagua nani alikuwa askari na nani alikuwa mkulima. Watu wa West Nile walikimbia kwa mamia ya maelfu, wengine Sudan, wengine Zaire. Sisi wa Lobule tulikuwa na bahati mbaya na nzuri kwa pamoja: mpaka ulikuwa kijito tu, ukiruka uko kwa binamu. Binamu yangu alikuwa na miaka tisa. Walilala mwituni usiku mwingi kabla ya kupata mahali. Mama yake aliuza kitenge chake cha arusi apate muhogo, nao ulikuwa muhogo mchungu.

Wasomaji mliopitia ukimbizi mnajua muhogo mchungu maana yake nini. Una sumu, na mwenye njaa hana muda wa kuungoja. Namna wanawake wetu wanavyouondoa ile sumu ni elimu ambayo hakuna shule iliyowafundisha. Muhogo humenywa na kuanikwa kidogo juani unyauke. Kisha hurundikwa na kufunikwa kwa majani siku tatu hivi, mpaka uvimbe joto na kuota ukungu mweusi. Ukungu hukwaruzwa kwa kisu, muhogo huvunjwavunjwa vipande vidogo, na kuanikwa tena mpaka ukauke uwe mweupe na kuvunjika kwa sauti. Hapo ndipo unaenda kinuni au kwenye mashine. Ukiruka hatua moja kwa haraka, watoto wanalala na kichwa na kutapika, na wengine hawaamki. Shangazi yangu, mama wa binamu, alingoja zile siku zote huku watoto wakilia njaa, akawachemshia majani ya kunde ya kuomba kwa watu. Wote sita waliishi. Ndiyo enyasa aliyokuwa akiikumbuka kwenye benchi ile ya Oli.

Sasa, kutoka hapo ndipo linapotoka jambo ambalo ningependa tulitazame bila kuoneana haya. Chakula hiki hakikutoweka kwenye menyu kwa sababu hakina ladha. Kimetoweka kwa sababu sisi wenyewe tuliorudi tulikionea aibu. Nilirudi mwaka 1986 nikiwa kijana. Kila familia iliyokuwa imekula muhogo miaka sita ughaibuni iliapa kwamba watoto wake watakula kitu kingine. Mgeni akija, mama anatuma mtoto dukani kununua mchele. Kwenye arusi anayeleta enyasa anatazamwa kama ameleta msiba. Tulikifanya kuwa chakula cha njaa, cha ukimbizi, cha watu wasio na uwezo, tukakirudisha jikoni kwenye moshi na kufunga mlango. Msichana wa hoteli hakukosea alipocheka. Alifundishwa nyumbani kucheka.

Na baya zaidi, chakula kinachoaibishwa kinaondoka na elimu yake. Binti zangu wawili wanajua kupika pilau, keki na chipsi. Hakuna hata mmoja anayejua muhogo mchungu hufunikwa siku ngapi. Nikiwauliza wanasema siku hizi unga unanunuliwa sokoni ukiwa tayari. Ni kweli. Lakini ule unga wa sokoni uliandaliwa na mtu, na mtu huyo ana miaka 60.

Barabara nayo imechangia, ingawa siilaumu. Kabla ya lami, kutoka Arua kwenda Koboko kwenye mvua lilikuwa jambo la siku nzima. Lori likikwama, abiria mnashuka, na popote mliposhukia palikuwa na mwanamke mwenye sufuria. Nimekula chakula bora cha maisha yangu nikiwa nimesimama kwenye matope nikisubiri lori livutwe. Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilikamilika karibu mwaka 2015, nasi wafanyabiashara tulisherehekea, na bado tunasherehekea. Ila safari ya siku ikawa ya saa moja. Gari halisimami tena. Wale akina mama wa njiani walibaki na sufuria zao, mmoja mmoja wakafunga, na kwenye vituo walipokuwa wao sasa kuna kijana wa kuuza rolex na soda. Halafu ukaja Machi 2020, mipaka ikafungwa kwa ajili ya korona, na waliokuwa wamebaki wakitegemea wapita njia wa Oraba na Vurra walikula mtaji wao.

Hata hivyo bado kuna mahali pa kusimama, nami nitawaambia, japo nitaonekana navutia kwetu. Ukifika Koboko, usikimbilie Oraba moja kwa moja. Siku ya soko ingia Lobule.

Lobule ni tarafa ndogo iliyolala kando ya mpaka wa Kongo. Tangu mwaka 2013 ina makazi ya wakimbizi wa Kikongo, wengi wao wakiwa Wakakwa na Walugbara kama sisi, waliovuka kama tulivyovuka sisi mwaka 1980, ila kwa upande wa pili. Wenyeji waliwapa ardhi, na wengi walitoa bila kuandikiana, kwa sababu bado walikumbuka nani aliwapa wao ardhi. Wanawake hao walikuja na pondu, ambayo wengine mnaiita sombe au kisamvu: majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa muda mrefu kwa mafuta ya mawese mpaka yawe mazito na ya kumeremeta. Walikuja na maharagwe wanayoyaita madesu, na mikate, yale maandazi ya mviringo yanayouzwa asubuhi kwenye beseni. Basi pale Lobule unapata sahani moja yenye enyasa ya Uganda, pondu ya Kongo na samaki wa Nile, na anayekupakulia anakuuliza kwa Kilingala, unajibu kwa Kikakwa, na bei mnapatana kwa Kiswahili. Kwangu mimi ilikuwa shilingi 3,000.

Wakuu wetu walikutana na kusaini, Sudan Kusini ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Ni vizuri. Lakini mkumbuke kwamba ardhi hii ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki Desemba 1909, ikawa ya Sudan mwaka 1910, na ikaletwa Uganda mwaka 1914. Mzee aliyezaliwa mwaka 1905 alikuwa chini ya bendera tatu kabla hajaota ndevu, na bibi yake alimpikia majani yale yale ya kunde chini ya zote tatu.

Kwa akina mama wa Lobule sahani hiyo si mapambo ya utamaduni. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kupunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda mwaka 2020, na mwaka 2023 likawagawa kwa makundi kulingana na uhitaji, hivyo wengine wakapata kidogo sana. Mwanamke mwenye sufuria sokoni ndiye anayelipia daftari la mtoto. Ukinunua sahani kwake, unga ni wa shamba la kule kule, simsim ni ya kule kule, kuni pia, kwa bahati mbaya ya miti yetu. Ukinunua chipsi mjini, viazi vimepanda lori kutoka milima ya mbali, mafuta yametoka ng'ambo, na kuku naye ni wa kisasa aliyelishwa chakula cha gunia. Sikatazi mtu kula chipsi. Nasema tu tujue shilingi inalala wapi.

Wapo watakaosema: hao mama wako ni wachafu. Nimelisikia hilo hata kwa wenzangu wa sokoni. Nami sitawatetea wote. Wapo wanaoosha sahani kumi kwa beseni moja la maji, na wapo wenye vibanda vilivyo hatua tatu kutoka mtaro. Hapo siketi, na wewe usiketi. Tazama maji ya kunawa, tazama kama sufuria imefunikwa, tazama kama wenyeji wa mtaa wanakula hapo au ni wapita njia tu. Lakini anayetaka usafi ajue kwamba usafi unaletwa na bomba la maji, sakafu ya saruji na paa. Mambo hayo mwanamke mwenye mtaji wa shilingi 40,000 hawezi kuyajenga peke yake, hasa ikiwa hajui kama mwezi ujao atakuwa bado yuko hapo.

Na hapa ndipo penye kidonda. Yule mama wa Oli niliyewaeleza hayupo tena kwenye mafiga yale. Mwezi Machi mwaka huu walikuja watu wakiwa na karatasi, wakasema uwanja ule wa nyuma unatakiwa kwa ujenzi. Hakuwa na karatasi yake. Alikuwa na miaka 22 tu ya kupika pale. Alipewa wiki mbili. Nilikwenda kumwona, nikamkuta anafunga masufuria kwa kamba, mengine niliyomuuzia mimi. Aliambiwa kuna nafasi kwenye jengo moja la biashara, ila huko kuni haziruhusiwi na kodi ni ya mwezi, hulipwa mbele. Enyasa ya watu 60 kwenye jiko la gesi ni hesabu isiyokubali. "Mwanangu," aliniambia, "kama hawanitaki mimi, wamwulize huyo mwenye kodi kama anajua kusonga."

Sasa anapika nyumbani kwake, mtaa wa ndani zaidi, kwa wateja wanaomfahamu. Mgeni hawezi kumwona. Ndivyo chakula kinavyokufa katika jiji. Hakuna anayekipiga marufuku. Kinasukumwa mtaa mmoja nyuma kila mwaka mpaka mgeni asikifikie, halafu tunaandika kwenye menyu kwamba matoke ndiyo ya kienyeji.

Jiji linajengwa na lazima lijengwe. Siombi Oli iwekwe kwenye kabati la kioo. Ninachosema ni kwamba wanaochora ramani za jiji wachore na mahali pa sufuria: kiwanja kimoja chenye paa, maji na bomba la moshi, katika mitaa ile ya zamani, mahali ambapo kuni au makaa yanaruhusiwa na ushuru unalipwa kwa siku kama sokoni, si kwa miezi mitatu mbele. Hao mama wanalipa ushuru kila siku ya Mungu, wamezoea. Zanzibar wana Forodhani, ambako jioni mgeni anaelekezwa bila kuuliza mara mbili. Mombasa anayetaka mahamri na mbaazi anajua Mji wa Kale uko upande gani. Arua ina watu wa nchi tatu wanaopita kila siku wakiwa na njaa na pesa mfukoni, na haina mahali hata pamoja pa kumwonyesha mtu kidole na kusema, kale pale.

Kwa upande wetu wafanyabiashara, tuache uvivu. Mteja wako wa Yei au wa Bunia akija kukagua mzigo, usimpeleke kwenye kiyoyozi kama nilivyofanya mimi. Nimeanza kuwapeleka wangu kwa mama, kule mtaa wa ndani. Mmoja wao, mzee wa Morobo aliyekimbia vita ya mwaka 2016 na sasa ameanza tena biashara ya Kaya, alikula osubi akaniongezea wiki mbili za kulipa deni. Sisemi ni kwa sababu ya osubi.

Na ninyi mnaorudi na watoto waliozaliwa ng'ambo, msiwafiche. Mwanamume yule binamu yangu ana mtoto wa miaka 15 ambaye tulimpigia simu ya video pale kwenye benchi. Mtoto alitazama lile tonge la rangi ya udongo, akauliza kwa Kiingereza kama ni chokoleti. Baba yake alicheka mpaka akapaliwa. Alipoondoka alibeba kilo nne za unga kwenye begi, zimefungwa kwenye mifuko mitatu ya nailoni, na kipande cha karatasi nilichomwandikia jinsi ya kusonga, maana sikujua vipimo mpaka niliporudi kumwuliza mama. Unga wa muhogo mbili, wa mtama moja. Maji yachemke kwanza.

Kwa anayetaka kwenda wiki hii: Oli ni asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili unusu kwa kisra na kawari. Enyasa ni kuanzia saa sita mchana. Uliza kwa Kiswahili, utaelekezwa, hata kama itabidi upite vichochoro viwili. Lobule nenda siku ya soko, na uwahi, kwa sababu pondu huisha kabla ya saa nane na mama hapiki mara mbili. Beba noti ndogo ndogo. Chenji hakuna.